Shanga za Kioo na Nyumba ya Kuzitazama Kampala

Kioo kilifika Uganda zamani kwa umbo la ushanga. Shanga za kioo zimefukuliwa Ntusi, magharibi mwa nchi, makao ya wafugaji na wakulima yaliyostawi baina ya karne ya 11 na ya 14. Zilivuka Bahari ya Hindi, zikapita pwani hadi bara. Mafundi wa Bara Hindi walikivuta kioo kingali moto kikawa mrija mwembamba, kisha wakaukata vipande vidogo vidogo. Speke naye, alipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862, alikuwa na shanga katika zawadi zake. Lakini ufundi wa kuzipanga ulikuwa wa wenyeji wenyewe. Taji la wafalme wa Toro lashuhudia.

Mahali pa kutazama kazi za jadi palifunguliwa Kampala mwaka 1908, katika ngome ya Lugard. Waganda wakapaita nyumba ya mayembe. Mwanafunzi wa Kiswahili asidhani ni majembe ya kulimia, wala maembe ya kula! Mayembe ni pembe za uganga, na jina hilo laonyesha kwamba watu waliiona nyumba ile kuwa ghala la mizimu kuliko mahali pa elimu.

Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa, kwanza barazani kwake. Mwaka 1941 vitu vya makumbusho vikahamishiwa katika shule yake ya sanaa huko Makerere, vikakaa hata vilipojengewa nyumba kilimani Kitante mwaka 1954. Kwa miaka hiyo 13 mwanafunzi aliyeshika brashi aliweza kuinua macho akaiona kazi ya wazee wake. Jengo la Kitante, lililochorwa na Ernst May, ni zuri. Hata hivyo naona kulitenga darasa na vitu hivyo kulikuwa hasara.

Kwa upande wa kioo, muungano wa namna hiyo wapatikana Kitengela, karibu na Nairobi, katika karakana iliyoasisiwa na Nani Croze. Vioo vikuukuu vya madirisha huyeyushwa vikafanywa bilauri na shanga, na mgeni husimama akimtazama fundi apulizaye.

Mwalimu wa Kampala apelekaye darasa Kitante hana tanuri la kuwaonyesha. Anazo shanga, na maneno mawili ya kuanzia somo: ushanga wetu, na obutiiti, shanga ambazo wanawake wa Kiganda huvaa kiunoni.