Sumu inayotoroka chupani

Bujonde, kwenye tambarare ya mpunga wilayani Kyela, maji hayako mbali na miguu. Mvua ni nyingi, visima ni vifupi, na mito inayoshuka kutoka milima ya Rungwe humalizikia Ziwa Nyasa. Petroli ikimwagika hapa haina safari ndefu kufika kwenye ndoo. Ndani yake mna benzini, inayosababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa.

Kazi ni kuikamata. Kemikali za jamii hii hugeuka mvuke upesi. Pakibaki kiputo cha hewa chini ya kizibo, huhamia humo; ukifungua, zimekwenda. Ndiyo maana sampuli hujazwa pomoni katika kichupa cha mililita 40, hutiwa tindikali, huwekwa kwenye barafu na kupimwa ndani ya siku 14. Na kutoka Bujonde hadi maabara ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800.

Njia ya kuzipima ilianzia maabarani. Mwaka 1952 Anthony James na Archer Martin wa Uingereza walionyesha namna ya kutenganisha mivuke kwa kuisukuma na gesi ndani ya mrija. Mwaka 1957 James Lovelock alibuni kigunduzi chepesi mno cha kuhisi kemikali zenye klorini. Mwishoni mwa 1971 kifaa chake kilipakiwa kwenye meli Shackleton, kikapima hewa na maji ya Atlantiki njia nzima hadi Antaktika. Kwangu mimi, hapo ndipo historia hii ilipogeuka: chombo kiliyafuata maji.

Mwaka 1974, Johannes Rook wa Rotterdam alieleza jinsi klorofomu, nyingine ya kemikali hizi zinazogeuka mvuke upesi, inavyozaliwa katika maji yanayotiwa klorini, maji ambayo watu waliyaamini kabisa.

Muongo huohuo vikaja vipimo vya kubeba mkononi vinavyotumia taa ya miale ya urujuanimno. Mpimaji hujaza chupa nusu makusudi, huifunga, huitikisa, kisha huvuta hewa iliyo juu ya maji. Kipimo hakitaji jina la kemikali, na unyevu huweza kukipotosha. Lakini huonyesha palepale kisima kipi kisitishwe leo, na sampuli ipi inastahili safari ya Dar es Salaam.