Nani Hulipia Haki ya Abiria wa Ndege?

Mwaka 2017 nilimsindikiza baba mdogo kutoka Mugeta kwenda Dar es Salaam kwa matibabu. Tulipita Bunda, Lamadi na Magu hadi uwanja wa ndege wa Mwanza, tukiwa na tiketi za bei nafuu. Kaunta, begi lake likatozwa karibu nusu ya nauli. Jioni tukatangaziwa kuwa safari imefutwa hadi kesho yake. Hatukupewa chakula wala malazi, na miadi ya daktari ikapita. Nilipolalamika, mfanyakazi mmoja alinijibu: "Mwalimu, mkidai hayo yote nauli itapanda."

Jibu hilo nimelisikia tena kwa wanafunzi wangu na kwa watumishi wa umma. Linastahili kupimwa kwa historia.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianzishwa mwaka 1946, likavunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya. Mwaka huohuo Tanzania ikaunda shirika lake, ATC, lililotawala anga ya ndani kwa miaka mingi. Kanuni za fidia zinazolaumiwa leo hazikuwapo, lakini hilo halikumpandisha ndege mkulima wa pamba wa Bunda. Kwake, ndege ilibaki kitu cha kutazamwa angani.

Nafuu kubwa ilikuja Novemba 2012, Fastjet ilipoanza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa nauli ya kuanzia Sh 32,000, kabla ya kodi na tozo. Kilichoshusha bei ni ushindani na ndege kubwa zenye viti vingi. Hakuna aliyeinunua nafuu hiyo kwa kuacha haki zake. Hata hivyo, maneno "kabla ya kodi na tozo" yalikuwa na uzito wake, kwa maana bei ya tangazo na bei ya mfukoni ni vitu viwili.

Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga iliipa kampuni hiyo notisi kwa sababu ya madeni, na safari zikasimama. Waliokwisha kulipia wakageuka wadai. Hapo ndipo tunapoona kwamba anayenunua tiketi mapema huikopesha kampuni fedha zake bila dhamana.

Tutazame Ulaya, ambako jibu la yule mfanyakazi limejaribiwa. Tangu Februari 2005, Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya huzitaka kampuni kutoa chakula na malazi kwa abiria waliokwama, na fidia ya kati ya euro 250 na 600 pale kosa linapokuwa lao. Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalifunga anga, na kampuni zikalazimika kuwahudumia waliokwama. Mwaka uliofuata Ryanair, ikiilalamikia kanuni hiyo, iliongeza tozo kwa kila abiria. Kiasi gani? Euro 2. Na tiketi za bei ya chini hazikutoweka Ulaya.

Kwa hiyo ni kweli kwamba ulinzi una gharama na abiria huichangia. Nakubali pia kwamba Musoma si London: ndege ndogo yenye viti vichache ikibebeshwa fidia za Ulaya, njia yenyewe inaweza kufa. Ndiyo maana napendekeza tuanze na yaliyo rahisi. Bei itangazwe ikiwa kamili, pamoja na ada ya begi. Safari ikifutwa, nauli irejeshwe ndani ya siku zilizotajwa. Aliyekwama apewe chakula na pa kulala. Haki hizo zibandikwe kwa Kiswahili kwenye kila kaunta. Fidia kubwa ya fedha taslimu ifuate soko likikua.

Ndugu msomaji, gharama ya safari iliyofutwa hulipwa daima. Usiku ule wa Mwanza ililipwa na mzee mmoja mgonjwa, kwa chumba cha kulala wageni na miezi miwili ya kusubiri miadi mingine. Kanuni haizui gharama mpya. Huigawa ile iliyopo kwa wote waliomo ndani ya ndege, na kwa mwenye ndege pia.