Mitandao ya Kijamii na Utafutaji wa Ajira Wilayani Tarime na Serengeti

Mgodi wa dhahabu wa North Mara, uliopo Nyamongo wilayani Tarime, na shughuli za utalii katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti huwavutia watafuta kazi wengi mkoani Mara. Kwa kijana aliyepo Sirari au Mugumu, tangazo la kazi linaweza kumfikia kwanza kupitia kundi la WhatsApp. Tangazo hilo halipaswi kuaminiwa kabla ya kuthibitishwa kwa mwajiri mwenyewe.

Kwa nafasi za Utumishi wa Umma, uthibitisho hupatikana katika tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, na maombi hutumwa kupitia mfumo wa Ajira Portal bila malipo. Kwa kampuni binafsi, mwombaji afungue tovuti ya kampuni husika. Anayedai fedha ili kutoa fomu au kupanga usaili akataliwe. Udanganyifu wa aina hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ujumbe wa kitapeli uripotiwe kwa namba 15040.

Ukurasa wa mwombaji nao husomwa na waajiri. Utumie majina yaliyopo kwenye vyeti na ueleze ujuzi bayana: fundi ataje mitambo anayoimudu, na mwongoza watalii ataje lugha anazozungumza. Nakala za vyeti na namba ya kitambulisho cha Taifa zisiwekwe hadharani, kwani zinaweza kutumiwa na matapeli.