Watazamaji wako, hela za mwenye wimbo

Mitihani imekaribia, lakini ngoja niandike hii maana mshkaji ninayekaa naye chumba kimoja ananinyima usingizi. Bumu likitoka anataka kununua laptop, afungue chaneli YouTube ya mashabiki wa Bongo Fleva. Anachukua wimbo wa msanii, anaweka picha na maneno yanapita chini, halafu anasubiri mpunga. Nikamwambia kaka, kabla hujachoma bumu lote, sikiliza historia kwanza.

YouTube ilianzishwa Februari 2005 na jamaa watatu waliowahi kufanya kazi PayPal: Chad Hurley, Steve Chen na Jawed Karim. Enzi zile shabiki alikuwa anapandisha wimbo wa mtu bila kuuliza, na hapati hata senti. Oktoba 2006 Google wakatangaza kuinunua kwa dola bilioni 1.65. Sasa wenye kazi zao wakaona kuna wa kumdai. Machi 2007 kampuni ya Viacom ikaenda mahakamani kudai zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya vipindi vyake.

Mwaka huohuo yakaja mambo mawili. Moja, wenye chaneli wakaanza kugawiwa hela ya matangazo. Pili, ikaja Content ID, na hapa ndipo penyewe. Mwenye wimbo anakabidhi nakala, mashine inalinganisha nayo kila video inayopandishwa. Zikifanana, yeye ndiye anaamua: video ifungwe, iachwe huku anaangalia takwimu, au iwekwe matangazo na hela iende kwake.

Wengi wakagundua kufunga hakulipi. Julai 2009 ilivuma video ya harusi moja Marekani, watu wanaingia kanisani wakicheza "Forever" ya Chris Brown. Wimbo ulikuwa wa 2008, lakini video haikufungwa, ikawekewa viungo vya kuununua, na mauzo yakapanda upya. Halafu "Harlem Shake" ya Baauer, iliyotoka 2012. Februari 2013 dunia nzima ikawa inajirekodi inaruka ruka. Mwezi huohuo Billboard wakaanza kuhesabu watazamaji wa YouTube, video za mashabiki zikiwemo, na wimbo ukaingia chati moja kwa moja namba 1. Walioruka ni mashabiki, aliyevuna ni mwenye wimbo.

Mlango nao ukabanwa. Tangu 2018, ili ule hela ya matangazo ya video za kawaida unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Hata ukifika, chaneli iliyojaa kazi za wengine inaweza kukataliwa.

Kwa hiyo chaneli ya shabiki inaweza kukua haraka sana na mfuko ukabaki mtupu. Ni sawa na kujenga kwenye kiwanja cha mtu. Wahenga walishasema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Simkatishi tamaa jamani. Nimemwambia ajirekodi mwenyewe akichambua nyimbo, awahoji wasanii chipukizi wa hapa chuoni, maana sauti yake ni mali yake. Kaka kanuna, kavuta shuka. Lakini asubuhi kaniuliza maikrofoni inauzwa shilingi ngapi.

Nyie mnasemaje?