Huwezi Kuchakachua Gitaa Lisilo Lako: Kutoka Van Halen Mpaka Mwambao wa Nyasa

Wadau wa magitaa, leo tunarudi mpaka 1978. Mwaka huo yalitokea mambo mawili, moja Marekani na jingine Dar. Ukiyaweka pamoja unaelewa kwa nini wenzetu leo wanakusanya magitaa ya umeme ya miaka ya 80 kama dhahabu, halafu sisi la enzi za bendi kulipata ni kazi.

La kwanza. Februari 1978 Van Halen wakatoa albamu yao ya kwanza. Mpiga solo wao, Eddie, alikuwa na gitaa la kuungaunga. Kiwiliwili chenye kasoro ya kiwandani alikipata kwa dola 50, shingo dola 80. Akachimba mbao mwenyewe, akang'oa kinasa sauti kwenye Gibson yake akakipachika humo, akabandika tepu na kupulizia rangi ikatoka mistari. Baadaye akafunga daraja la Floyd Rose, lile linalobana nyuzi zisipoteze tyuni hata uzivute vipi, na chini yake akapachika sarafu ya senti 25 ili lisiyumbe. Kwa lugha yetu: alilichakachua.

Viwanda vikaiga. Kramer, Jackson, Charvel na Ibanez wakajaza madukani magitaa yenye ncha kali na rangi za kuwaka, zama za wanamuziki wa nywele zilizotimuliwa na suruali za kubana. 1991 Nirvana wakaachia Nevermind, fasheni ikabadilika, na magitaa yale yakaishia chini ya vitanda. Ndo hayohayo watu wanayasaka leo. Lile la Eddie 2019 liliwekwa kwenye maonyesho ya Metropolitan Museum, New York.

La pili. 1978 hiyohiyo Dar ikazaliwa Mlimani Park Orchestra, chini ya kampuni ya teksi na usafiri, TTTS. 1983 ikahamia kwa shirika la jiji, DDC. Huko nyuma tayari NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Polisi Jazz ya polisi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana. Umeona mchezo? Gitaa halikuwa la mpigaji. Lilikuwa la shirika, au la tajiri aliyeitwa "mwenye vyombo". Mwanamuziki alikuwa kama dereva wa daladala: gari analijua kuliko mwenye nalo, ila jioni funguo anarudisha.

Sasa fikiria. Una kipaji cha Eddie, unataka kuchimba ubao na kubadilisha kinasa sauti. Utathubutu? Hiyo ni mali ya shirika kaka, utafukuzwa kazi!

Na mwaka huohuo wa 1978 vita vya Kagera vikaanza. Baada ya vita fedha za kigeni zikakauka, hata sabuni ikawa ya foleni, sembuse nyuzi za gitaa. Mambo yalianza kulegea katikati ya miaka ya 80, biashara ilipofunguliwa. Kuwaona jamaa wa nywele ndefu kwenye TV ndo usahau: Tanzania Bara ilipata televisheni 1994, wenzao wameshaishiwa zamani.

Dk. Remmy Ongala naye alitua Dar 1978 kutoka Kongo. Bendi iliyompa jina kubwa iliitwa Super Matimila. 1988 wakafika jukwaa la WOMAD Ulaya, mwaka uliofuata ikatoka Songs for the Poor Man. Jina kubwa, lakini lilianzia kwenye vyombo vya tajiri.

Kwa hiyo uchakachuaji wetu wa kweli uko wapi? Shuka kutoka Mbinga mpaka ziwani, Mbamba Bay, Liuli, Lituhi. Gitaa la dogo wa kijijini ni galoni au kipande cha mbao, na nyuzi ni waya wa breki za baiskeli. Ng'ambo ya maji, Malawi, mambo ni hayohayo, na Madalitso Band wametoka na babatoni yao ya kujitengenezea mpaka Ulaya. Dogo yule hana hela, lakini ana kitu ambacho mpigaji wa shirika hakuwa nacho: gitaa ni lake. Akitaka kulikata, analikata. Kwa roho, yeye ndo ndugu wa Eddie.

Leo gitaa la umeme linapatikana hata la mtumba, ingawa kwenye miji yetu midogo mengi bado ni ya kanisa. Ukibahatika kupata la zamani, la babu aliyepiga bendi, kuwa mpole. Usikimbilie kulipaka rangi. Fungua nyuma usome namba zilizogongwa kwenye vidude vya kuongezea sauti, mara nyingi zinaonyesha kiwanda na mwaka. Ukibadilisha kitu, cha zamani kifunge kwenye mfuko ukitunze. Mkusanyaji anakilipia hicho. Na uliza lilikuwa bendi gani, nani alilipiga, uandike. Wazee wanaondoka, na shirika halikuandika jina la mpigaji kwenye gitaa.

Nyumbani kwenu lipo? Tuambie hapo chini.