Utetezi wa wendawazimu (Tanzania)

Utetezi wa wendawazimu ni hoja ya mshtakiwa wa jinai kwamba alipotenda tendo analoshtakiwa alikuwa mgonjwa wa akili, hivyo hana hatia. Nchini Tanzania hoja hiyo imo katika vifungu vya 12 na 13 vya Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16). Isipotolewa kwa wakati, mgonjwa anaweza kutiwa hatiani kama mtu mwenye akili timamu.

Asili na masharti

Msingi wake ni majibu ya majaji wa Uingereza baada ya kesi ya Daniel M'Naghten ya mwaka 1843. Sheria humhesabu kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vingine, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa mshtakiwa. Anapaswa kuonyesha kwamba ugonjwa ulimfanya asielewe anachotenda, au asitambue kwamba hakupaswa kukitenda, au ashindwe kujizuia. Sharti hili la tatu halimo katika majibu ya 1843.

Utaratibu

Anayeshtakiwa kwa mauaji wilayani Rungwe husomewa shtaka katika mahakama ya wilaya mjini Tukuyu, lakini hatakiwi kujibu, kwa kuwa kesi ni ya Mahakama Kuu, Kanda ya Mbeya. Mauaji hayana dhamana, hivyo hungoja mahabusu. Hoja ya wendawazimu hutakiwa kutolewa pale anapojibu shtaka mbele ya Mahakama Kuu. Jaji huweza kuahirisha kesi na kuagiza apimwe katika hospitali ya magonjwa ya akili, kama Mirembe mjini Dodoma, yenye kitengo cha Isanga kwa wagonjwa wa jinai. Daktari ana siku 42 za kuandika ripoti.

Hapa ndipo penye ugumu. Daktari huulizwa hali ya siku ya tukio, naye anamwona mtu baada ya miezi au miaka, pengine ametulia. Wanaoijua siku hiyo ni ndugu na majirani, ambao huenda ndio wafiwa. Isitoshe, mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba maoni ya daktari hayaifungi mahakama. Yanapimwa pamoja na ushahidi mwingine wote.

Hoja ikikubaliwa, mahakama hutamka kwamba mtu alitenda lakini hana hatia kwa sababu ya wendawazimu. Haachiwi, huwekwa hospitalini, gerezani au mahali pengine panapofaa, bila muda maalumu.

Ulemavu wa akili

Ulemavu wa akili si wendawazimu, na kesi zake huponyoka kwa urahisi zaidi. Mwenye uelewa mdogo anaweza kukiri polisi asichokitenda: Timothy Evans alinyongwa London mwaka 1950, akasamehewa 1966 baada ya kubainika kwamba jirani yake alikuwa muuaji. Tanzania, mwanamke mwenye ulemavu huo alihukumiwa kunyongwa 2015. Hukumu ikafutwa 2019 kwa dosari za utaratibu, naye akahukumiwa kifo tena 2022.

Kuua kwa kukusudia kuna adhabu moja tu, kifo. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi, kwa sababu unamnyima jaji nafasi ya kupima hali ya mshtakiwa.