Neva Zisizo za Hiari

Kila mchakamchaka wa asubuhi, iwe Mbagala au Tandale, una mtoto anayebaki nyuma, na jina lake ni moja: mvivu. Lakini yupo anayekimbia hatua chache tu, kisha anachuchumaa kando ya njia, midomo na kucha zikiwa na rangi ya buluu. Madaktari wa moyo wanamjua. Pengine ana zile kasoro nne za kuzaliwa nazo zinazoitwa kwa jina la Mfaransa Étienne-Louis Arthur Fallot, aliyezieleza mwaka 1888. Akichuchumaa, mishipa ya damu ya miguuni hubanwa, shinikizo mwilini hupanda, na damu nyingi zaidi hupita mapafuni. Hakufundishwa na mtu.

Mtoto wa namna hii siku hizi hufanyiwa upasuaji hapa hapa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanza mwaka 2015 pale Muhimbili. Kasoro hizo zikirekebishwa, nyumbani hushukuru. Miaka ikipita, swali linarudi: mbona pumzi bado inamkatika upesi?

Sehemu ya jibu iko kwenye neva. Mtaani tunasema mishipa ya fahamu, na kwa mkono au mguu jina hilo linatosha. Kwa moyo linapotosha, maana neva zinazouongoza hufanya kazi hata mtu akiwa usingizini. Wapo wanaouita mfumo huo mfumo wa neva unaojiendesha. Wengine husema usio wa hiari. Mimi nachagua la pili. La kwanza linamridhisha mwalimu wa biolojia, lakini la pili linamjibu mwalimu wa michezo anayepiga kelele “jitahidi!” Mguu unaweza kuuamuru. Mapigo ya moyo huwezi kuyaamuru.

Moyo uliopandikizwa, ambao neva zake zimekatwa, hupiga karibu mara 100 kwa dakika hata mtu akiwa amelala kitandani. Wengi wetu tukitulia tuko kati ya 60 na 80, kwa sababu neva ya vagasi inauzuia moyo muda wote. Ukianza kukimbia, vagasi hulegea kwanza, ndani ya sekunde chache. Kisha neva za simpathetiki huongeza kasi. Ukisimama, vagasi hurudi.

Kwa aliyezaliwa na moyo wenye kasoro, mpangilio huo unaweza kuharibika. Kisu cha upasuaji na makovu yake huweza kugusa matawi ya neva au kile kifundo kinachoanzisha mapigo. Tena moyo ukibebeshwa mzigo mkubwa kwa miaka, hupunguza kuitikia amri za simpathetiki. Basi kijana wa miaka 20, ambaye kwa hesabu ya 220 kutoa umri angeweza kufika mapigo 200, anaishiwa nguvu kabla hata ya kufika 160. Na kama moyo wake hauwezi kusukuma damu zaidi kwa kila pigo, hana pa kuitoa nyongeza.

Si kila uchovu ni wa neva, hata hivyo. Valvu inaweza kuwa inavujisha, au tatizo jingine limebaki. Na wapo watoto waliodhoofika kwa sababu tu mama, kwa hofu, hakuwaruhusu kucheza hata kombolela. Hao mazoezi ya taratibu, yaliyoruhusiwa na daktari, huwasaidia sana.

Kutofautisha kunahitaji kipimo. Mgonjwa hutembezwa kwenye mashine inayoongezwa mwendo kidogo kidogo huku mapigo yakisomwa, na kusoma hakukomi anapomaliza: katika dakika ya kwanza ya kupumzika, mapigo ya mtu mzima yakishuka kwa pungufu ya 12, vagasi inashukiwa. Mzazi anayehudhuria kliniki aombe matokeo hayo aelezwe kwa lugha anayoielewa, pamoja na kiwango cha mazoezi anachoruhusiwa mwanawe, kiandikwe kwenye karatasi, na karatasi hiyo ampelekee mwalimu wa michezo.